Mashine Iliyonunua Siku ya Sabato

Ukitaka kumkosea Mellen wa Rongo, usimwambie gemu ni mambo ya watoto. Hiyo ameisikia mpaka ameizoea. Mwambie tu kwamba zile mashine ni za Elvis. Elvis ni ndugu yake mdogo. Ndiye aliyeanzisha kibanda cha gemu pale nyuma ya duka la agrovet, akaleta mashine mbili, akakaa kwenye kiti cha mteja na kucheza mwenyewe hadi wateja wakachoka kungoja zamu. Siku moja akapanda gari la Nairobi kutafuta maisha, akamwachia dadake kodi ya nyumba, tivi mbili na nyaya zilizosokotana kama matumbo ya mbuzi.

Mellen wakati huo alikuwa anauza ndizi sokoni. Hakujua hata padi ya kuchezea inashikwa wapi. Leo ana mashine tano, mabenchi ya kuegemea na mlango wa chuma, na bado hajawahi kucheza mechi hata moja. Hahitaji. Anakaa mlangoni akichambua maharagwe, skrini ziko mgongoni kwake, na kwa mlio wa vidole tu anajua nani anachapwa.

"Chrispine," atasema bila kugeuka, "unafinya hiyo padi kama unakanda chapati. Ni tatu bila?"

Na kweli huwa ni tatu bila.

Kwake hakuna kubeti. Hakuna chai pia, kuna uji wa wimbi, na ukiuliza kwa nini hakuna chai utahubiriwa mpaka zamu yako ipite. Mwenye kutukana anasimama nje mechi nzima, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna kijana mmoja wa chuo alimaliza muhula mzima akiwa amelowa. Na kila Ijumaa, jua likianza kushuka, Mellen anachomoa nyaya zote, anafunika mashine kwa leso, moja moja, kama mtu analaza watoto, halafu anafunga. Ni Msabato, na si wa jina tu. Mpaka jua lizame Jumamosi, hanunui, hauzi, hata simu ya mtu hachaji. Wanafunzi wa chuo, ambao ndio wateja wake karibu wote, walishakubali hivyo. Jumamosi wanafua nguo.

Shida ilitoka ng'ambo ya barabara kuu, kwa Valentine. Huyo Valentine naye ana kibanda cha gemu, na alikuwa ameunganisha mashine zake ili ukikaa pale uweze kucheza na mtu aliye mbali. Hapo vijana wakapata wazimu. Kwa sababu Chrispine, ambaye ndiye mdomo wa kundi lote, ana binamu yake Homa Bay anaitwa Oliver, na Oliver pia ana kibanda chake huko mjini, na mwaka mzima alikuwa anawatukana watu wa Rongo kwenye simu. Ati vidole vyao vimezoea kumenya miwa, mpira hawajui. Hayo si maneno ya kuachiwa. Lakini kwa Mellen ungemjibu Oliver kwa mdomo tu. Kwa Valentine ungemjibu kwa mabao.

Wiki haikuisha kabla nusu ya mabenchi ya Mellen hayajabaki na vumbi.

Alimwita Chrispine, akamuuliza kinachotakiwa ni nini. Chrispine akamweleza: wenye kutengeneza mashine wanataka ulipe kila mwezi ndipo wakuruhusu kucheza na watu wa mbali. Mellen akaweka sinia ya maharagwe chini.

"Mashine ni yangu?"

"Ni yako, Mama Liz." Ndivyo vijana wote wanavyomwita Mellen.

"Gemu nilinunua?"

"Ulinunua."

"Na wifi nalipa mwenyewe. Sasa huyu mwingine analipwa kwa kazi gani?"

"Ya kufungua geti."

"Geti nani aliweka?"

Chrispine akafikiria. "Yeye."

Kama kuna mtu ameeleza hii biashara vizuri kuliko hapo, ajitokeze. Kulikuwa na kijana mmoja anayesoma mambo ya biashara, akajaribu kutetea. Akasema kuna kompyuta kubwa mahali fulani, zinakula umeme, zinalindwa na watu wenye mishahara. Mellen akamsikiliza hadi mwisho, maana si mkorofi. Kisha akamwambia kwamba hata mashine ya kusaga unga ina dizeli na ina mtu wa kulipwa, na bado unalipa ukisagiwa. Usiposaga hulipi. Angewalipa kwa kila mechi, tena kwa roho safi. Lakini kulipa mwezi mzima, ucheze usicheze, huo aliuita ujanja wa mtu wa steji anayekudai kwa kukuonyesha gari uliloliona mwenyewe.

Maneno matamu hayo. Mabenchi yakabaki matupu vile vile. Kwa hivyo alilipa.

Na ili hiyo pesa irudi, akabuni kadi ya wiki. Unalipa mara moja Jumapili, unacheza wiki yote bila kutoa sarafu tena, zamu tu ndiyo utangoja. Vijana wakaipenda. Wakarudi kutoka kwa Valentine mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa na malaria. Oliver wa Homa Bay akaanza kujibiwa kila jioni, na Mellen akasahau kabisa kwamba kuna mtu ng'ambo ya bahari ana namba ya kadi yake ya benki.

Mtu huyo hakusahau.

Ilikuwa Sabato ya katikati ya Februari. Mellen alikuwa kanisani, na kando yake ameketi Monari, mzee wa kanisa, mwenye kile kinu cha kusaga unga karibu na soko. Monari alikuwa ameacha miwani nyumbani. Mellen husomea Neno kwenye simu, herufi kubwa kama za bango la mkutano, kwa hivyo akamsogezea simu wasome pamoja. Somo lilikuwa amri ya nne, ile ya kuitakasa Sabato. Haya mambo huwa hayabuniwi. Wako katikati ya somo, ujumbe ukashuka kutoka juu ya simu na kulala juu ya maandiko: malipo yako yamepokelewa, asante, furahia mwezi mwingine wa kucheza. Monari akausoma wote, polepole, akinong'ona, kana kwamba ni sehemu ya somo.

Walipotoka nje akamsogelea.

"Dada Mellen, kumbe leo umenunua."

"Sikununua, mzee. Imechukua yenyewe. Nilikuwa nimeketi na wewe."

Monari si mtu wa kupiga kelele. Ijumaa anazima kinu kwa mkono wake mwenyewe, halafu anaondoka na mkanda wa hicho kinu chini ya kwapa ili mtu asijaribu. Akamwambia kwamba amri ile haikusahau mtumishi wala mnyama, na mashine inayomfanyia kazi ni mtumishi asiyekula tu.

"Kama ilichukua bila wewe kutaka, huo ni wizi," akasema. "Kama ulitaka, huo ni ununuzi. Chagua mojawapo. Sabato njema."

Mellen akachagua wizi.

Jumapili asubuhi alimketisha Chrispine na simu, amwandikie yule mwenye geti. Yeye anasema, Chrispine anatia Kiingereza. Alitaka mambo mawili: arudishiwe pesa iliyochukuliwa Sabato, na tangu siku hiyo Jumamosi zake zote zipunguzwe kwenye malipo, kwa sababu siku hiyo mashine zake zimelala na leso. Jibu likaja haraka kuliko la binadamu. Likasema linaelewa anavyojisikia. Likamshukuru kwa kuwa mmoja wa familia. Mellen akauliza familia gani hiyo ambayo hata matangani hawajawahi kumwona. Wakaandika tena. Jibu likaja na adabu zaidi: malipo ni ya muda, si ya matumizi. Ukicheza, sawa. Usipocheza, sawa pia. Pesa hairudi. Ila kama hutaki ijichukue tena, kuna kitufe cha kuzima.

Akakizima kwa kidole gumba, kama mtu anaua kunguni. Mwezi huo uishe, halafu atalipa kwa mkono wake, siku anayotaka yeye.

Dhamiri ikatulia. Ila mdomo haukutulia. Zile wiki zilizofuata Mellen aliimba wimbo mmoja tu, sokoni, kisimani, kwa fundi viatu, na zaidi ya yote pale mlangoni na sinia yake. Kwamba watu wazima wenye akili wanamlipisha siku asizocheza. Kwamba muda si mali yao wauze, muda ni wa Mungu, wao wauze mechi. Wanafunzi walimpigia makofi. Hata yule wa biashara akakubali kwamba kweli hapo kuna neno.

Hicho ndicho kilichomponza. Ukiwafundisha watu kudai haki, watajaribu kwanza kwa aliye karibu.

Ilikuwa Alhamisi, ameshika wimbo wake pale penye ubeti wa Jumamosi, Chrispine akaweka padi chini. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia choo:

"Mama Liz, kwani wiki yako wewe ina siku ngapi?"

Wengine nao wakaweka padi chini. Mashine peke yake ndizo zilizoendelea kushangilia.

Maana kadi ni ya wiki. Wiki ina siku saba. Na Jumamosi, waliolipa wanafua nguo.

Mellen akafungua mdomo, na kitu kilichotoka alikisikia yeye mwenyewe kabla ya wengine. Alisema kadi ni ya muda, si ya matumizi.

"Hayo maneno nayajua," Chrispine akasema. "Mimi ndiye niliyekusomea."

Hawakumtukana. Sheria ya matusi walishaishika. Walivuka tu barabara, kumi na kitu kwa pamoja, na Valentine akawapokea kama wageni wa harusi. Siku iliyofuata walikuja watu wawili, mmoja akiwa anauliza njia ya kwenda hospitali.

Tuseme ukweli hapa. Mellen angeweza kuvumilia hasara, ameuza ndizi wakati wa mvua ya mawe. Kilichomuuma ni kwamba walikuwa sawa. Akifungua Jumamosi, amevunja Sabato. Akikataa, yeye na yule wa geti ni kitu kimoja, tofauti ni uji tu. Alikaa na hilo jambo Sabato yote, na Jumapili akamtuma mtu amwitie Chrispine.

Akampa maneno yake. Jumamosi jua likizama, Sabato imekwisha. Basi atafungua jua likizama, wenye kadi wacheze wapendavyo, na hawatatoa kitu juu. Chrispine akasema Oliver naye anataka mchuano mkubwa, watu wa Homa Bay kwa watu wa Rongo, na Jumamosi jioni ndiyo anaweza. Akauliza lakini, iwapo hawangegoma, angewapa hiyo jioni?

"Singewapa," Mellen akasema. "Lakini mimi ukinikasirikia unajua ninakokaa. Yule mwingine utamkasirikia wapi?"

Chrispine akaona hapo amejibiwa.

Sasa Februari ni fupi, wiki nne kamili, na tarehe huwa haina huruma. Mwezi uliolipwa Sabato ya Februari uliisha Jumamosi ya Machi, siku ile ile ya mchuano, mchana. Na kitufe cha kujilipa kilikuwa kimezimwa, na hadi Ijumaa inafungwa hakuna aliyekumbuka tarehe. Kwa hivyo jioni hiyo Mellen alisimama nje ya mlango wake wa chuma, amevaa nguo ya kanisani, ufunguo mkononi, na vijana wote nyuma yake, na kila mmoja alijua kwamba kitu cha kwanza kitakachofanyika mle ndani ni kununua mwezi mwingine. Akinunua kabla jua halijazama, ameanguka. Akichelewa, Oliver atatangaza kwamba Rongo wamekimbia, na vijana watavuka kwa Valentine, ambaye mlango wake ulikuwa wazi na taa zinawaka. Safari hiyo hawangerudi.

Na Monari alikuwa amekuja. Hakualikwa. Alisema anapita tu, akiwa amebeba kiti chake.

Jua lenyewe halikuonekana. Mvua za Machi zilikuwa zimejaza mawingu upande wa ziwa, mbingu yote rangi ya sufuria. Chrispine akatoa simu, akaonyesha kwamba mtandao unasema jua limeshazama.

"Hiyo simu ni ndugu ya ile iliyonunua Sabato," Monari akasema. "Sitaki ushahidi wake."

Wakampigia Oliver. Yeye yuko Homa Bay, ziwa liko mbele yake, jua huzamia hapo kila siku akiliona. Oliver akapaza sauti kila mtu asikie: lilishazama zamani, omera, ndugu zangu, linakula na samaki, mnaogopa nini. Monari akauliza huyo Oliver ni wa kanisa gani. Akaambiwa ni Mkatoliki.

"Hao walihamisha Sabato nzima hadi Jumapili," akasema. "Atashindwa kuhamisha jua?"

Chrispine, ambaye alibatizwa Katoliki hapo hapo Rongo, alicheka mpaka akakalia jiwe. Lakini wenzake hawakucheka. Oliver alipiga tena, akasema anahesabu Rongo wamejitoa, anafunga hesabu. Wawili wakaanza kutazama ng'ambo ya barabara.

Hapo Monari akatoa kipimo chake. Kwao, mama yake hakuwa na saa, na mawingu ya Kisii si ya jana. Alikuwa anaangalia kuku. Kuku hana kanisa, hana simu, hana binamu Homa Bay. Kuku wote wakiingia, siku imekwisha. Na jirani wa Mellen, mama mmoja anayeitwa Bitutu, alikuwa na kuku na kibanda chao hapo hapo upande wa ukuta.

Wakageuka wote kutazama. Kuku wa Bitutu walikuwa wameingia. Wote, isipokuwa jogoo mwekundu, ambaye alikuwa anatembea uani, mikono nyuma kama chifu, akidonoa hapa, akisimama, akifikiria.

Vijana wa chuo kikuu, watu ambao serikali inawasomesha, wakamtazama jogoo kama wanavyotazama penalti. Chrispine akainuka kwenda kumswaga. Monari akamzuia. Kumfukuza ni kazi, na kazi ndiyo ile ile inayobishaniwa. Aingie kwa hiari yake.

Jogoo akafika mlangoni pa kibanda. Akaingiza kichwa. Akakitoa. Mtu mmoja nyuma akaponyokwa na tusi, akajipeleka mwenyewe kando kabla hajaambiwa.

Mellen akasema acha amsalimie Bitutu, hajamwona tangu asubuhi. Akazunguka ukuta. Bitutu alikuwa jikoni, na kando ya mlango wake kuna gunia la mahindi yaliyoanikwa, mdomo wazi. Mellen akasalimia kwa sauti, akauliza habari za mguu, na mkono wake wa kushoto ukatumbukia guniani peke yake, hivyo ndivyo anavyopenda kuliona jambo hilo. Aliporudi alipita karibu na kibanda cha kuku, akiinama kurekebisha kiatu. Kiatu chenyewe hakina kamba.

Jogoo akasikia kitu kikianguka ndani. Akaingia kama mtu aliyeitwa jina.

Monari akasimama, akakunja kiti chake. "Kuku wameingia," akasema. "Lipa."

Mellen akanunua, baada ya kukosea namba ya siri mara ya kwanza. Kisha mashine zikawaka, na Homa Bay ikaingia kwenye skrini ikiwa inatukana. Rongo walichapwa mechi ya kwanza vibaya sana. Ya pili wakashinda. Ya tatu bado inabishaniwa hadi leo, kwa sababu umeme ulipotea Homa Bay wakiwa nyuma bao moja, na Oliver anasema ulipotea wenyewe. Katikati ya makelele hayo wateja wa Valentine walivuka kuja kuuliza kuna nini, wakakosa pa kukaa, wakasimama. Tangu hapo Jumamosi jioni ndiyo siku kubwa ya kibanda cha Mellen. Watu wanakuja mapema waangalie kuku.

Usiku ule, wakati wa kufunga, Chrispine alibaki nyuma kumsaidia kukunja leso. Akauliza, kama mtu anayeongea na leso, mahindi ya Bitutu siku hizi yanauzwaje.

Mellen akamtazama. Chrispine akamtazama. Kule nje Monari alikuwa bado anamweleza mtu jinsi kuku asivyoweza kudanganywa.

"Unataka nini?" Mellen akauliza.

"Mimi? Mimi nakuheshimu sana, Mama Liz."

Jumapili vijana walipanga foleni kulipia kadi ya wiki. Chrispine hakupanga. Alienda moja kwa moja akakaa kwenye mashine ya kwanza, ile ambayo padi yake haijalegea. Jumapili nyingine vile vile. Na nyingine. Monari, ambaye siku hizi huja kutazama akisema anapita tu, aligundua hilo jambo kabla ya mtu mwingine yeyote, maana macho yake ni mabovu kwa kusoma peke yake.

"Dada Mellen," akasema, "yule kijana mbona halipi?"

Mellen akaendelea kuchambua maharagwe. Akatoa jiwe moja, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

"Huyo ni wa familia, mzee."

Na Chrispine, bila kutoa macho kwenye skrini, akanyoosha kikombe aongezewe uji.